Barua ya wazi: Alikamatwa mbele ya kijiji kizima, atangazwe mbele ya kijiji kizima

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mheshimiwa Jaji Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka, Inspekta Jenerali wa Polisi, na Waheshimiwa Wabunge,
Dodoma.

YAH: TAARIFA YA KIJIJINI KWA MTU ALIYEACHIWA HURU NA MAHAKAMA

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mwalimu wa Uraia katika shule moja ya sekondari wilayani Kongwa. Tangu Serikali ihamie Dodoma mmekuwa majirani zetu. Magari yenu yanapita barabara kuu ya Morogoro tukiwa tunaanika mahindi, na kutoka Kibaigwa mtu akidamka anafika mjini kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo naandika kama jirani, kuhusu mdogo wangu wa kiume, na kuhusu filamu moja tuliyoiangalia uani kwa mama.

Filamu hiyo niliipewa na mwalimu mwenzangu kwenye flashi. Ni filamu ya makala, yaani watu waliopatwa na jambo wanakaa mbele ya kamera na kulisimulia wenyewe. Kompyuta tuliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama alikaa kwenye kigoda, majirani wawili kwenye mkeka, watoto chini, na mdogo wangu nyuma kabisa, juu ya gunia la mahindi yasiyopukuchuliwa. Kiingereza nilikuwa nakitafsiri kwa sauti, nikisimamisha picha kila nilipoachwa nyuma.

Inaitwa The Thin Blue Line, imetengenezwa na Errol Morris mwaka 1988. Inamhusu Randall Dale Adams, mtu wa Ohio aliyefika Dallas, Texas, akapata kazi, akaanza maisha. Novemba 1976 gari lake liliishiwa mafuta, na kijana wa miaka 16 aitwaye David Harris akampa lifti. Gari la Harris lilikuwa la wizi. Wakashinda pamoja, jioni wakaenda kuangalia sinema. Usiku huohuo, saa sita ikiwa imeshapita, askari Robert Wood alisimamisha gari lililokuwa likienda bila kuwasha taa za mbele, akapigwa risasi akafa. Harris alirudi kwao akajigamba kwa rafiki zake kwamba ameua polisi. Alipobanwa akageuza maneno, akasema muuaji ni Adams. Kwa umri wake Harris asingeweza kuhukumiwa kifo, Adams aliweza. Mwaka 1977 Adams akahukumiwa kifo. Mei 1979, siku tatu kabla ya tarehe aliyopangiwa kufa, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani akasimamisha. Mwaka uliofuata adhabu ikawa kifungo cha maisha.

Morris anarudia usiku ule mara nyingi, kila mara kwa maelezo ya mtu mwingine. Dereva alikuwa na nywele hivi, dereva alikuwa na nywele vile. Gari lilikuwa hili, gari lilikuwa lile. Kuna mahali askari mwenzake Wood anarusha kikombe cha maziwa aliyokuwa akinywa. Kikombe kinazunguka hewani polepole, kinatua ukingoni mwa barabara, maziwa yanamwagika. Mama aliangalia kile kikombe mpaka kikatulia. Akasema, "Hawa mashahidi kila mmoja ana usiku wake."

Mwisho wa filamu hakuna sura ya mtu. Kinaonekana kinasa sauti kidogo tu, upande huu na upande ule, kwa sababu siku ya mahojiano hayo, Desemba 1986, kamera iliharibika. Sauti ni ya Harris. Anaulizwa kama Adams hana hatia. Anajibu kwamba ana uhakika hana. Anaulizwa uhakika huo anautoa wapi. Anajibu kwamba yeye ndiye anayejua.

Nilipotafsiri hapo hakuna aliyesema kitu. Nikawaeleza yaliyofuata, kwa kuwa nilikuwa nimeyasoma: filamu ilisaidia kesi kufunguliwa upya, na Machi 1989 Adams akatoka, baada ya miaka 12. Ndipo mdogo wangu, ambaye hakuwa ametamka neno tangu tuanze, akauliza:

"Walimpa nauli?"

Nikamjibu hawakumpa kitu. Ndivyo ilivyokuwa. Texas wakati ule ilikuwa na utaratibu wa kumlipa mfungwa aliyesamehewa rasmi kwa kuwa hakutenda kosa, lakini Adams hakusamehewa. Mahakama ilitengua hukumu, waendesha mashtaka wakaondoa kesi, basi. Kwa kuwa alitoka kwa mlango huo, sheria haikumtambua kama mtu wa kulipwa. Alikufa Oktoba 2010 huko Ohio, na magazeti yalipata habari mwaka uliofuata.

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kufunga mbuzi. Barua hii imetokana na swali lake.

Naomba niwaeleze habari zake bila kutaja kituo, mahakama wala mtu. Sina ugomvi na mtu mmoja, na jambo lenyewe halikuharibiwa na mtu mmoja.

Alikuwa mnunuzi mdogo wa mahindi. Alianza kwa toroli, gunia moja moja kutoka vijijini hadi soko la Kibaigwa, mpaka akafika mahali pa kuchangia Fuso na wenzake. Julai moja, mavuno yamepamba moto, mfanyabiashara mmoja alivamiwa usiku akiwa na fedha za kununulia mzigo. Alikatwa panga begani. Nampa pole hadi leo, maana aliumia kweli na fedha zake hazijarudi. Alisema wavamizi walikuwa watatu na mmoja alivaa jaketi la kijani. Mdogo wangu alikuwa na jaketi la kijani. Mtu mwingine akasema sauti aliyoisikia gizani "inafanana" na yake. Huo ndio ushahidi wote tuliowahi kuusikia.

Walikuja kumchukua siku ya mnada, saa tano asubuhi. Waheshimiwa wanaotoka mikoa hii wanajua mnada ulivyo: watu wa vijiji vitano sita wako pale, moshi wa nyama choma, mitumba juu ya maturubai, ng'ombe wanaswagwa. Gari liliingia mpaka katikati. Alikuwa kwenye foleni ya mizani, daftari la hesabu mkononi. Akafungwa pingu, daftari likaanguka, mtu akalikanyaga. Wanafunzi wangu walikuwa likizo. Waliwakimbilia nyuma, mikono hewani, wakiimba "mwizi, mwizi" mpaka gari likapotelea kwenye vumbi. Wengine niliwafundisha mwenyewe. Kabla jua halijazama nilipigiwa simu na shangazi yetu aliyeko Tabora kuuliza kama ni kweli.

Shtaka likawa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambalo kwa sheria yetu halina dhamana. Kuanzia hapo kesi ikawa inatajwa kila baada ya siku 14. Mimi nilihudhuria mara 41, nyingine nikashindwa kwa sababu ya vipindi. Maneno yalikuwa yaleyale: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Ilifika mahali nikawa naona mwendesha mashtaka akivuta pumzi tu, nimeshajua. Najua kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2022 sheria inataka upelelezi ukamilike kwanza ndipo mtu apelekwe mahakamani, na kwa makosa madogo nimeona nafuu kwa macho yangu. Makosa makubwa yameachwa nje ya sharti hilo. Yeye alikuwa kwenye kosa kubwa.

Akakaa rumande miezi 28.

Kisha asubuhi moja ya Novemba, Jamhuri ikaieleza Mahakama kwamba haina nia ya kuendelea na shauri. Hakimu akamwambia yuko huru. Muda wote uliotumika usingetosha kuchemshia chai. Mimi sikuwepo, nilikuwa nasimamia mtihani wa kidato cha nne. Alitoka na kiroba chenye shati moja na kandambili zisizolingana. Hakuwa na simu wala senti. Stendi akamweleza kondakta wa kwanza ukweli, kwamba ametoka rumande leo na anaomba afikishwe Kibaigwa, dada atalipa. Akashushwa kabla basi halijaondoka. Kwa kondakta wa pili akadanganya: akasema ameibiwa mfukoni. Akabebwa. Ananiambia mpaka leo kinachomuuma kuliko kulala chini miezi 28 ni kwamba neno lake la kwanza akiwa mtu huru lilikuwa uongo.

Alifika nyumbani usiku. Asubuhi kijiji kilimwona yuko uani anapiga mswaki.

Sasa, Waheshimiwa, hapa ndipo penye ombi langu. Nani alikiambia kijiji? Hakuna. Kumkamata kulifanyika mchana, mbele ya watu mia kadhaa, na gari la Serikali. Kumwachia kulifanyika katika chumba chenye watu wasiozidi kumi, mbali na kwetu, na hakupewa karatasi ya kuonyesha mtu. Kijiji kikajaza pengo chenyewe. Wako waliosema ametoroka. Wako waliosema tumeuza shamba la mama tukahonga. Na shamba kweli tulikuwa tumeuza, ekari tatu, kwa ajili ya kumlipa wakili. Kwa hiyo uongo ule ulikuwa na mguu wa kusimamia.

Aliomba kazi ya ulinzi mjini. Wakataka wadhamini wawili na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji. Mtendaji wetu ni mtu mwema, hakumfukuza. Alimketisha, akatoa karatasi yenye nembo, akashika kalamu, akakaa nayo. Mwishowe akasema, "Kijana wangu, nikiandika wewe ni mtu mwadilifu na kesho mtu akaniuliza ile kesi iliishaje, nitamwonyesha nini?" Sikuweza kumlaumu. Hakuwa na kitu cha kuonyesha. Sisi wenyewe hatukuwa nacho.

Januari mbuzi wawili walipotea kwa jirani. Sungusungu walianzia kwetu, saa nane usiku, tochi zikimulika dirishani. Mbuzi walikutwa kesho yake korongoni, wamejipotelea tu. Lakini tangu usiku ule mama amehamisha kitanda chake, analala kwenye ukumbi, mguu ukigusa mlango. Sisi sote tunasikia kwenye taarifa ya habari maneno "wananchi wenye hasira kali". Mama anayasikia kwa namna yake.

Nafundisha Katiba. Ibara ya 13(6)(b) inasema ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia ya kutenda kosa hilo. Naiandika ubaoni kila mwaka, wanafunzi wanainakili. Mwaka jana mvulana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, mtu akiachiwa, nani anatakiwa kuja kuwaambia watu?" Nikatafuta jibu kwenye kitabu cha kiada, kisha kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kisha kwa wakili. Sijalipata, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Mahakama zetu zenyewe zina hekima kubwa juu ya mambo haya. Tangu mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani iliweka wazi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa kuangaliwa kwa tahadhari kubwa: shahidi alimwona kwa muda gani, akiwa umbali gani, kulikuwa na mwanga wa namna gani, alikuwa anamfahamu kabla au la. Wakili aliponisomea hayo nililia, maana niliona kumbe jaketi la kijani lilikuwa limeshajibiwa kabla sijazaliwa. Lakini hekima hiyo iko kwenye vitabu vya sheria na kwenye vinywa vya majaji. Kule kwetu jaketi la kijani bado linatosha.

Mtu anaweza kusema: si afungue madai ya kushtakiwa kwa hila? Nimeuliza pia. Inabidi athibitishe kwamba aliyemshtaki alikuwa na nia mbaya na hakuwa na sababu ya msingi, siyo tu kwamba kesi ilikwisha kwa upande wake. Akitaka kuishtaki Serikali, atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu, aende Mahakama Kuu. Mtu aliyeuza ekari tatu ili atoke hana ekari nyingine tatu za kudai. Na, niseme kweli, hatuamini kwamba aliyemkamata alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na mwananchi aliyekatwa panga, alikuwa na wakubwa wanaotaka mtuhumiwa, alikuwa na jaketi. Mtu anaweza kuumizwa sana bila kuwepo mwenye hila hata mmoja, na hapo sheria yetu inanyamaza.

Tunachoomba kwanza ni kidogo sana. Mahakama inapomwachia mtu aliyekaa mahabusu, iwe kwa kuonekana hana hatia, iwe kwa shauri kuondolewa, apewe hapohapo hati ya ukurasa mmoja yenye mhuri. Iseme jina lake, alishtakiwa kwa kosa gani, shauri limeishaje, na kwamba kwa mujibu wa Katiba hapaswi kutendewa kama mwenye kosa hilo. Iwe kwa Kiswahili, lugha ambayo bibi anaweza kusomewa akaelewa. Nakala iende kwa mtendaji wa kata na wa kijiji au mtaa alikokamatwa. Na mwenyewe akiridhia, isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Nasisitiza akiridhia, kwa sababu wapo watakaopenda kukaa kimya, hasa akina mama walioshtakiwa mambo ya aibu, na hiyo ni haki yao.

Mikutano mikuu ya vijiji hukaa kila miezi mitatu. Tunasomewa mapato na matumizi, tunasomewa majina ya wasiochangia madawati, tunasomewa tarehe za chanjo ya mifugo. Dakika tatu za kusoma hati ya Mahakama zipo.

Na apewe nauli ya kumfikisha kwao.

La fidia ni zito zaidi, ninajua, linataka sheria na bajeti. Lakini Katiba imeshalifungulia mlango. Ibara ya 107A inaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na zitoe fidia ipasavyo kwa watu wanaopata madhara kutokana na makosa ya watu wengine, kwa mujibu wa sheria mahsusi iliyotungwa na Bunge. Waheshimiwa Wabunge, maneno "sheria mahsusi iliyotungwa na Bunge" yanawahusu ninyi. Kwa mtu aliyekaa miezi 28 chini ya shtaka ambalo Jamhuri yenyewe imeliacha, sheria hiyo iko wapi? Nchi yetu pia iliridhia mwaka 1976 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, unaozungumzia fidia kwa aliyehukumiwa kimakosa na kwa aliyekamatwa kinyume cha sheria. Zamani raia angeweza kujaribu hata Mahakama ya Afrika pale Arusha. Tangu Novemba 2020, baada ya nchi kuondoa tamko lake la kuwaruhusu raia kupeleka mashauri huko, mtu mmoja mmoja hawezi tena kwenda moja kwa moja. Kwa hiyo tuna ninyi tu.

Texas ileile iliyomwacha Adams aende mikono mitupu ilibadilika. Leo ina sheria inayomlipa aliyefungwa kimakosa dola 80,000 kwa kila mwaka aliokaa ndani. Sheria hiyo, ya mwaka 2009, ina jina la Timothy Cole, mwanafunzi wa chuo mjini Lubbock aliyefungwa kwa ubakaji ambao hakuufanya. Alifia gerezani mwaka 1999. Kipimo cha vinasaba kikaja kumtoa hatiani akiwa kaburini, jaji akalitamka hilo mahakamani mbele ya mama yake, na mwaka 2014 ikasimamishwa sanamu yake mjini Lubbock, mji uleule alikoitwa mbakaji. Hatuombi sanamu, wala hatuombi dola 80,000. Ila mtaona kwamba hata wao, wenye fedha zote zile, waliona malipo peke yake hayatoshi mpaka jambo lisemwe mahali lilipoharibikia.

Nasi tumewahi kufanya hivyo, tena kwa jambo kubwa. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam, na taifa likaambiwa ni majambazi. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na tume ikatangaza kwamba hawakuwa majambazi. Nilikuwa binti mdogo, lakini nakumbuka redio ya baba ikilisema jambo hilo, na baba akisema, "Angalau watoto wao wameshasikia." Serikali ilipaza sauti, na nchi nzima ikaacha kuwaita marehemu wale majambazi. Naomba sauti hiyohiyo, kwa kipimo cha kijiji.

Nayajua maswali mtakayouliza. Mkurugenzi wa Mashtaka atasema kuondoa shauri si sawa na kusema mtu hana hatia, na kwamba sheria inamruhusu kumshtaki tena kwa tuhuma zilezile ushahidi ukipatikana. Sawa. Hati iseme hivyohivyo bila kuongeza chumvi: shauri limeondolewa, mtu huyu hana shtaka, hana hatia mbele ya sheria. Siku ushahidi ukija, mje mumchukue. Mpaka siku hiyo aruhusiwe kununua mahindi.

Wengine watasema tunawapendelea watuhumiwa na kuwasahau walioumizwa. Mfanyabiashara yule aliyekatwa panga nakutana naye sokoni. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alinisogelea akasema, "Mwalimu, kama siye yeye, basi waliofanya wako wapi?" Swali hilo limo pia ndani ya ile filamu. Wakati Adams yuko ndani, Harris alikuwa nje, na mwaka 1985 aliua mtu mwingine mjini Beaumont. Kwa mauaji hayo akanyongwa... hapana, huko Texas wanatumia sindano ya sumu, mwaka 2004. Miaka yote ambayo Adams alikuwa ndani, kesi ya askari Wood ilihesabika imekwisha. Kwetu pia faili la panga limekaa kama lililokwisha, kwa sababu kijiji kizima kinaamini mwizi tunaye, anaishi kwa mama yake karibu na kisima. Hakuna anayewatafuta wale watatu. Hati ikisomwa mkutanoni, mtu mwenye habari ya kweli atajua bado inahitajika.

Nawaandikia sasa kwa sababu naona njia iko. Tume ya Rais ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti Julai 2023, na utekelezaji wake umo mikononi mwenu. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ilizinduliwa hapahapa Dodoma Aprili 2023, na wanasheria wake wamekwenda vijijini, wakakaa chini ya miti, wakasikiliza mirathi na mipaka ya mashamba. Kama wakili wa Serikali anaweza kufika chini ya mti kusikiliza mgogoro wa mpaka, karatasi moja yenye mhuri nayo inaweza kufika.

Haya mengine ya dhamana na upelelezi wapo wanaoyaandika vizuri kuliko mimi. Mimi nimeshika hili moja.

Mdogo wangu kwa sasa hayupo. Baada ya msimu wa kulima alikwenda upande wa Manyoni, anafyatua matofali kwa watu wasiojua anakotoka. Anatuma fedha kidogo kwa simu. Nilipomwambia nataka kuandika barua hii alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama itataja jina lake. Nikamwambia haitataja. Akasema, "Basi andika. Ila siku ile karatasi ikitoka, hiyo itaje."

Mkutano wetu mkuu wa kijiji unaofuata utakuwa mwezi ujao. Ubao wa matangazo uko nje ya ofisi ya mtendaji, upande wa kivuli. Wiki hii una ratiba ya maji na tangazo la ng'ombe aliyepotea.

Wenu mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Uraia
Kongwa, Dodoma